Gua sha: ilianzia mgongoni kwa wagonjwa, ikaishia usoni

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na usiku ulipoingia mke wa tabibu Zhang Jingyue akaanza kutapika. Kifua na tumbo vikamsokota. Zhang, mmoja wa matabibu wakubwa wa China ya enzi ya Ming, alimnywesha maji ya chumvi ili atapike yote yatoke, lakini kila alivyotapika maumivu yalizidi. Koo likaziba, sauti ikakata, dawa ikawa haipiti. Hapo ndipo Zhang alipokumbuka njia aliyowahi kufundishwa kwa siri miaka ya nyuma. Akachagua bakuli la kauri lenye ukingo mwembamba usio na mkwaruzo. Kwenye maji ya moto akatia kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya ufuta, akachovya ukingo wa bakuli humo hadi ukapata joto na utelezi. Kisha akalishika bakuli kifudifudi kwa mikono miwili, akaanza kumkwangua mkewe mgongoni kutoka juu kwenda chini, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu zaidi. Bakuli likikauka, analichovya tena na kuendelea. Muda mrefu ukapita, kisha sauti ya mgonjwa ikarudi. Tumbo likanguruma, akaharisha sana, maumivu yakapungua, akapata usingizi.

Kisa hicho Zhang alikiandika mwenyewe katika kitabu chake kikubwa cha tiba cha karne ya 17. Nimeanza nacho kwa sababu kifaa kinachouzwa leo madukani na mitandaoni kwa jina la gua sha, kile kibao cha jiwe kilichopindwa kama moyo ambacho watu hukipitisha mashavuni asubuhi ili uvimbe ushuke, kinatangazwa kuwa siri ya urembo ya malkia wa China ya kale. Kwa maoni yangu, maneno hayo yanawadhulumu wenye mali yao. Asili ya gua sha ni tiba ya dharura. Ilifanywa kwa chombo chochote kilichokuwa karibu, na aliyefanyiwa alikuwa mtu anayeugulia.

Maandishi yenyewe yanarudi nyuma zaidi ya Zhang. Wei Yilin, tabibu wa Nanfeng katika jimbo la Jiangxi, alizaliwa katika ukoo uliofanya uganga wa dawa kwa vizazi vitano. Mwaka 1337 alimaliza kitabu alichokusanyia maarifa ya wazee wake. Humo anaeleza ugonjwa ulioitwa sha, wenye homa, kichefuchefu na maumivu ya ghafla. Dawa yake ni kuchukua fungu la nyuzi ngumu za mmea, kulichovya majini, na kulipitisha kwa nguvu shingoni, kwenye viwiko na magotini hadi vitokee vidoa vyekundu chini ya ngozi, vidogo kama punje za mtama. Kisha mgonjwa afunikwe nguo na apewe uji mwepesi. Jina la tiba likatokana na kazi hiyo: gua ni kukwangua, na sha ni ugonjwa pamoja na vile vidoa vyake.

Mwaka 1675, enzi ya Qing, Guo Zhisui alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya sha. Sehemu inayonivutia zaidi ni jinsi alivyotofautisha mahali na mahali mwilini. Mgongo, mabega na mbavu vilikwanguliwa kwa sarafu ya shaba iliyochovywa kwenye mafuta ya ufuta. Kwenye paji la uso na shingoni, ambako ngozi ni nyororo, alitaka uzi wa pamba au wa katani wenye mafuta. Tumboni, penye nyama laini, hakutaka kifaa chochote. Palisuguliwa kwa mkono na chumvi. Kwa hiyo hata wakati huo waliijua heshima ya ngozi ya uso, ingawa shabaha yao ilikuwa kuponya homa na hapakuwa na habari ya urembo.

Tiba hii ilienea pia kwa majirani. Wavietnamu wanaiita cạo gió, na wao hutumia sarafu au kijiko pamoja na mafuta yenye harufu kali. Waindonesia wana kerokan, ambayo hufanyiwa mtu anayesemekana kuingiwa na upepo. Wakambodia nao wanayo ya kwao. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa, maana kuumika kwa chuku tunakujua, na alama za mviringo mgongoni hazitutishi.

Kwingine ziliwatisha watu. Vita vya Vietnam vilipomalizika mwaka 1975, wakimbizi wengi waliingia Marekani na tiba zao. Walimu na madaktari wakaanza kuona watoto wenye mistari myekundu mgongoni, wakadhani wamepigwa. Mwaka 1976 jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics, lilichapisha makala ya kuwatahadharisha madaktari kwamba alama zile ni za matibabu, wala si za kipigo. Robo karne baadaye bado jeraha lilikuwa bichi kiasi cha kutengenezewa filamu. Mwaka 2001 mwongozaji Zheng Xiaolong alitoa The Gua Sha Treatment, kisa cha familia ya Kichina katika mji wa St. Louis ambamo babu alimkwangua mjukuu mwenye maumivu ya tumbo, na serikali ikamchukua mtoto. Nikifikiria wazee waliofanya walichofanyiwa na mama zao, kwa huruma, kisha wakahojiwa kama watesaji, naona ni haki yao watajwe kila gua sha inapotajwa.

Tuje usoni sasa. Katika jumba la makumbusho la Kasri la Kifalme mjini Beijing vimehifadhiwa vigurudumu vidogo vya mawe ya thamani vyenye mpini, ambavyo wanawake wa ikulu ya Qing walivizungusha mashavuni na kwenye paji la uso. Hapo urembo upo kweli. Lakini kigurudumu kinabingirika tu juu ya ngozi, wakati gua sha inakwangua. Wafanyabiashara wa leo wameviunganisha viwili hivyo, wakauza historia ya kimoja kwa jina la kingine.

Gua sha ya usoni ina babu wa tatu ambaye hatajwi kabisa, naye anatoka Ulaya. Mnamo 1652 na 1653, Msweden Olaus Rudbeck na Mdenmark Thomas Bartholin, kila mmoja kivyake, walieleza mishipa myembamba mno mwilini isiyobeba damu. Inabeba majimaji, ndiyo limfu. Majimaji hayo huvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, huosha nyama za mwili, kisha hukusanywa na kupitishwa kwenye tezi, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mitoki, na mwisho hurudishwa kwenye damu karibu na mfupa wa mtulinga. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu inategemea kubanwa na misuli, kupumua, na mikazo midogo ya mishipa yake yenyewe.

Karibu miaka 300 baadaye, mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, walikuwa wakifanya kazi ya kuchua watu mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa. Wagonjwa wao wengi walikuwa na mafua yasiyoisha na tezi zilizovimba shingoni. Madaktari wa wakati huo waliogopa kuzigusa tezi hizo. Akina Vodder wakazigusa, ila kwa wepesi mno, wakiivuta ngozi taratibu kufuata njia ya limfu. Mwaka 1936 waliutangaza ustadi wao mjini Paris. Waliotangulia kuupokea walikuwa watu wa saluni za urembo. Hospitali zilichelewa hadi miaka ya 1960, daktari Mjerumani Johannes Asdonk alipoufanyia uchunguzi, na leo unatumika kuwasaidia wagonjwa wanaovimba mikono baada ya upasuaji wa saratani ya matiti.

Gua sha ya uso ya siku hizi imezaliwa na hao watatu. Jina limetoka kwenye mgongo wa mgonjwa wa China, jiwe la thamani limetoka ikulu, na wepesi wa mkono umetoka Cannes. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na kujitazama usoni kwenye mikutano ya video, video fupi za simu ziliisambaza duniani kwa kasi. Kwatsi ya rangi ya waridi, jiwe linalopendwa sana kwa vibao hivyo, huchimbwa pia kwa jirani zetu Madagaska.

Je, uvimbe unashuka? Unashuka, na sababu yake ni nyepesi kuliko matangazo. Ukilala, kichwa hakiko juu ya moyo kama ulivyosimama, basi majimaji hutulia usoni, hasa chini ya macho ambako ngozi ni nyembamba na imelegea. Chumvi nyingi ya chakula cha usiku, pombe, kulia na mzio huongeza. Ukiamka na kusimama, majimaji huanza kuteremka yenyewe. Kuchua kunayaharakisha. Paka mafuta kidogo, kiinamishe kibao hadi kikaribie kulala juu ya ngozi, kipitishe toka kando ya pua hadi mbele ya sikio, kisha toka chini ya sikio kushuka shingoni hadi kwenye mtulinga. Mkono uwe mwepesi, na ngozi isibaki na wekundu wa kudumu wala vidoa. Vidole vitupu navyo vinaifanya kazi hiyo.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Arya Nielsen na wenzake, wa mwaka 2007. Waliwapima watu 11 wenye afya, wakaona mzunguko wa damu katika ngozi iliyokwanguliwa ukipanda mara nne kwa dakika saba na nusu za kwanza. Ila ile ilikuwa gua sha ya kweli, ya kuacha wekundu, na haikufanywa usoni. Anayeutumia utafiti huo kukuuzia kibao cha mashavu anakupa ushahidi wa kitu kingine. Ninachoweza kukuahidi ni uso uliopungua uvimbe kwa saa chache, basi. Mfupa wa shavu hauchongeki kwa jiwe, na mafuta ya kidevu hayatoki kwa limfu.

Upo pia uvimbe wa asubuhi usiohitaji kibao. Figo zikianza kupoteza protini kwenye mkojo, dalili ya mapema mara nyingi ni macho kuvimba wakati wa kuamka, hasa kwa watoto, kisha miguu hufuata jioni. Mkojo wenye povu jingi ni dalili nyingine. Anayeamka hivyo siku baada ya siku apelekwe zahanati. Kipimo cha kwanza ni kijiti kinachochovywa kwenye mkojo, na majibu yake hutoka baada ya dakika chache.