Joomla ni jumla!

"Jumla na rejareja." Maneno haya utayasoma kwenye maduka ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Wachache wanajua kwamba neno hilo la kwanza ndilo lililozaa Joomla. Agosti 2005, watengenezaji wa programu ya Mambo walitofautiana na kampuni ya Miro ya Australia, wakajitenga na kuchagua neno letu: wote kwa pamoja. Toleo la kwanza lilitoka Septemba.

Kabla ya programu kama hizi, mwenye nyumba ya wageni akitaka kubadilisha bei kwenye tovuti yake, ilibidi amtafute fundi wa HTML na kumlipa tena. Joomla, na WordPress iliyotoka 2003, zilimwezesha kuingia kwa nywila yake na kuandika bei mwenyewe.

Lakini cha bure nacho hutaka kutunzwa. Joomla 1.5 ilipoacha kupewa marekebisho 2012, tovuti zilizobaki nayo zikawa milango wazi kwa wadukuzi.

Ndiyo maana humwambia kila mteja: jina la tovuti lisajiliwe kwako, na nywila kuu uwe nayo wewe. Fundi akihama, duka lako libaki.