Jina la Mwenda: kutoka Usumbwa hadi Likasi

Mwenda ni jina la kifalme la Wayeke, ambao asili yao ni Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Katika karne ya 19 walifuata biashara ya shaba na pembe hadi Katanga. Mwenda Msiri alitawala ufalme wa Garenganze kutoka Bunkeya mpaka alipouawa na Kapteni Omer Bodson, tarehe 20 Desemba 1891. Wafalme waliomfuata wamelirithi jina hilo. Kazi za migodini zikalifikisha Likasi na Lubumbashi.

Aliyelivumisha kuliko wote ni mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Likasi mwaka 1952, enzi mji huo ukiitwa Jadotville. Akina Mwenda wa Meru, Kenya, wana asili nyingine kabisa.