Sarafu za Kilwa: shaba ndogo iliyotembea mbali

Ukimuuliza mtu wa Rondo habari za vitu vya kale vilivyotoka Lindi, atakutajia mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Ana haki. Tendaguru imo mkoani humu humu, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya tani zaidi ya 200, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi amesimama Berlin huku wabunge wetu wakiulizana atarudi lini. Sarafu ya shaba ya Kilwa haina mbunge wa kuisemea. Ni ndogo, imeota kutu ya kijani, na ukiiokota ufukweni unaweza kuidhania kifungo cha koti.

Haina picha ya mfalme. Ile ya shaba haina mwaka wala thamani. Ina maandishi ya Kiarabu tu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Na pande hizo mbili zina vina. Sarafu ya Ali bin al-Hasan, ukiigeuza, inasema kwamba mwenye jina hilo anamtegemea Mola wa neema, “al-minan”, ili neno la mwisho liitikie “al-Hasan”. Ya al-Hasan bin Sulaiman nayo ina kina chake cha kuitikia “Sulaiman”. Watu wa pwani walipenda vina hata kwenye hela ya kununulia samaki.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, na Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya mwamba wa Kilwa Kisiwani, ni kazi ya zama zake. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi Sofala, kisha ikapanda kaskazini kwa majahazi. Ungetarajia basi ardhi ya Kilwa ijae dinari. Wapi! Mwaka 1991 Helen Brown, mtaalamu wa sarafu wa Uingereza, alipochapisha habari za dhahabu za Kilwa, alikuwa na vipande vitatu tu mkononi, vyote vya sultani huyu. Dhahabu ilikuwa ya kuuza ng'ambo. Shaba ndiyo iliyobaki nyumbani. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliikuta kwa wingi.

Kwa muda mrefu sarafu hizi zilisomwa kama kiambatisho cha kitabu. Kulikuwa na tarihi ya masultani wa Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na pia kusimuliwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16, na wasomi kama John Walker, aliyeandika mwaka 1936, walikaa wakilinganisha majina ya kwenye shaba na majina ya kwenye karatasi. Chittick alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha, mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofichwa pamoja, zenye majina ya watawala wa pwani, na miongoni mwake jina la Ali bin al-Hasan. Zilikuwa zimelala na dinari za Makhalifa wa Kifatimi wa Misri, ambazo, tofauti na za kwetu, zina tarehe. Ya mwisho ni ya karne ya 11. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake wakamrudisha Ali nyuma zaidi ya miaka mia.

Lililomrudisha Ali nyuma ni majirani aliozikwa nao. Sarafu ile ile ingeuzwa peke yake dukani Unguja, isingesema lolote.

Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, imetoa somo hilo kwa undani zaidi. Mji ule ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, basi. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walipouchimba, walikuwa wakiandika kila sarafu ilipolala: chumba gani, kizingiti gani, kaburi lipi. Wakakuta sarafu zenye jina la Ali zikiwa bado mikononi mwa watu karne kadhaa baada ya kufa kwake. Nyingine zimetobolewa, kama za kuvaliwa. Na kwenye makaburi, kando ya mawe, palikuwa na sarafu na vijiwe vyeupe vilivyoachwa na waliokuja kuzuru.

Sasa mfano wa kinyume chake. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa anga wa Australia, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne ni za Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki. Tano ni za Kilwa! Alizihifadhi tu, na ni mwaka 1979 ndipo zilipotambuliwa. Tangu hapo vitabu vimeandikwa na safari zimefungwa. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh alipeleka msafara kutafuta zaidi, na mwaka 2018 ikapatikana nyingine inayodhaniwa kuwa ya Kilwa kwenye kisiwa kingine cha huko. Kuna wanaosema Waswahili walifika Australia. Mimi naona sarafu za Wadachi zinatosha kutupoza: shaba yetu inaweza kuwa ilisafiri mfukoni mwa baharia yeyote, karne yoyote. Kwa kuwa zilitolewa mchangani bila kuandikwa zilivyokaa, ubishi huo hautakwisha.

Waingereza wamelifanyia kazi jambo hili. Tangu 1997 wana mpango wa kuandikisha vitu vidogo vinavyookotwa na wananchi, wengi wao wakiwa ni watu wa kupita mashambani na vifaa vya kugundua metali, na orodha imepita vitu milioni moja na nusu. Hapa kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Wangapi mashambani wameisikia?

Nayasema haya kwa ajili ya Rondo kuliko Kilwa. Sarafu hizi zimejaa visiwani: Kilwa, Songo Mnara, Mafia. Nje ya pwani ni chache mno, na ile moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu inatajwa na kila mwandishi. Sarafu moja itakayotoka shambani juu ya mwinuko wa Rondo, mahali pake pakijulikana, itatuambia juu ya njia za bara mambo ambayo mia za ufukweni haziwezi. Kwa hiyo mwenye kuikuta aipige picha ikiwa bado udongoni, aandike jina la shamba na kina cha shimo, ampelekee taarifa mtendaji wa kijiji, na asiisugue kwa ndimu na majivu. Kutu ikitoka, herufi hutoka nayo.