Bandari iko Mombasa, funguo ziko wapi?

Leo siwaletei habari za theluji wala za zamu za usiku hospitalini. Nataka tuzungumze habari ya kwetu: inakuwaje mji wenye bandari kubwa namna ile usiwe na kauli juu ya bandari hiyo? Wengi husema lawama ni ya serikali hii au ile. Mimi nasema jambo hili ni la zamani kuliko serikali zote tunazozijua.

Tuanze mbali kidogo. Mvita ilikuwa mji wa biashara wenye mfalme wake kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498. Wareno waliuvamia na kuuchoma mwaka 1505, wakarudi tena 1528 na 1589. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale pale penye mlango wa bandari, chombo kisipite bila kuonekana. Rafiki yao, Sultani wa Malindi, wakamhamishia Mombasa na kumkatia theluthi moja ya mapato ya forodha. Theluthi mbili zikawa zao. Mjukuu wa sultani huyo, Yusuf bin Hasan, ndiye aliyewaasi mwaka 1631.

Waomani wakaitwaa ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Wakaja Mazrui, nao wakajitawala hapa mpaka Sayyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Toka hapo amri ikawa inatoka Unguja.

Halafu ukaja mkataba wa Desemba 1895. Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani, wao wakimlipa paundi 17,000 kwa mwaka. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea ngomeni, na maliwali, mamudiri na makadhi wakabaki. Lakini forodha, jamani, ilikwenda kwa Mwingereza! Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, ikafika Nairobi 1899, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali nayo yakahamia huko huko. Tangu 1948 bandari yenyewe ilisimamiwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao yake makuu Nairobi. Makuli wa Kilindini hawakunyamaza. Mgomo wa Januari 1947 ulisimamisha karibu mji mzima.

Oktoba 1963 Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana ukanda uingie Kenya. Makadhi walihakikishiwa nafasi yao. Majimbo tuliyoahidiwa yakafutwa mwaka 1964. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ikazaliwa KPA mwaka 1978. Ofisi kuu ikawa Mombasa, lakini bodi huteuliwa na serikali kuu.

Sasa msicheke, hata Minnesota kuna bandari ya meli za bahari kuu! Inaitwa Duluth, iko kwenye Ziwa Superior, kama kilomita 250 kaskazini ya hapa Hopkins. Meli hutoka Bahari ya Atlantiki na kupanda kwa mito, maziwa na mifereji. Mamlaka ya bandari hiyo ina wajumbe 7: watatu huteuliwa na baraza la mji, wawili na kaunti, wawili na gavana wa jimbo. Sisemi Duluth ni peponi, maana magati mengi ni ya makampuni binafsi. Ninachosema ni kwamba mji una viti mezani, tena kwa sheria.

Je, sisi hatuna sheria? Tunayo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Ugomvi wote uko katika hilo neno "isipokuwa".

Mmeona wenyewe matokeo yake. Reli mpya ilifunguliwa 2017, na mwaka 2019 ikaja amri makontena ya kwenda bara yapandishwe reli hiyo. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, vibanda vya chakula, wote wakalia. Watu wakaandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri ile ilikuwa kinyume cha katiba. Septemba 2022 Rais Ruto akaagiza shughuli zirudishwe Mombasa. Tulishangilia, lakini fikirini: kilichoondolewa kwa tamko kilirudishwa kwa tamko. Hata lijalo laweza kuondoa tena.

Najua bandari inalisha Uganda, Rwanda na wengine, kwa hiyo haiwezi kuwa ya Mombasa peke yake. Wala sidai hivyo. Nadai viti mezani, viandikwe katika sheria, visitegemee hisani ya mtu.

Wazee wetu mliofanya kazi Kilindini wakati Jumuiya inavunjika, tafadhali mwandikieni mwenzenu. Nani alikuja kuwaambia mmepata mwajiri mpya, na je, kuna aliyewauliza neno?

Wasalimieni wote nyumbani.