Siwa hutambuliwa kwa tundu lake la ubavuni

MFALME wa Malindi alipompokea Vasco da Gama mnamo Aprili 1498, wapigaji wake walikuwa na pembe mbili za ndovu zilizotiwa nakshi, kila moja ikiwa na kimo cha mtu. Mmoja wa Wareno waliokuwa safarini aliandika kwamba zilipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Hadi leo tundu hilo ni miongoni mwa alama kuu za siwa, ala ya kifalme ya Waswahili.

Ala za kupuliza za pwani hutofautishwa kwa mahali mpigaji anapoweka mdomo. Zumari hupulizwa nchani, kupitia ulimi wa jani kavu. Tarumbeta ya Kizungu pia hupulizwa nchani. Baragumu na siwa hupulizwa ubavuni, lakini baragumu ni pembe ya mnyama iliyobaki na umbo lake, ilhali siwa huundwa na fundi kwa pembe za ndovu, shaba au mbao.

Siwa mbili mashuhuri za Kenya zimo katika Makumbusho ya Lamu. Ile ya Lamu ni ya shaba iliyosubiwa: fundi hutengeneza umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, kisha akaiyeyusha nta na kumimina shaba mahali pake. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, na urefu wake wapita mita mbili.

Ni nadra jina la fundi kujulikana. Hata hivyo, Habari za Pate zasimulia kuwa Mwana Darini, aliponyimwa siwa kwa ajili ya tohara ya mwanawe, alimwita sharifu Mwenyi Bayayi bin Mkuu amchongee yake ya pembe. Kunyimwa siwa kulikuwa kunyimwa heshima ya ukoo.

Kwa hivyo, mwenye pembe ya kale huko Malindi au Kilifi asiisugue wala kulipanua tundu lake. Aandike ilitoka kwa nani na ilipulizwa katika sherehe gani, kisha awaone maafisa wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya 2006 yakataza kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali, na ile ya wanyamapori ya 2013 yakataza kumiliki pembe za ndovu bila idhini. Ala ikitenganishwa na habari zake, hata tundu halitaweza kumtaja aliyeichonga.