Wekundu wa Bendera ya Uganda na Historia ya Naguru

Bendera ya Uganda, iliyopandishwa rasmi tarehe 9 Oktoba 1962, ina milia sita iliyolala, nyeusi, njano na nyekundu, inayofuatana kwa utaratibu huo mara mbili kuanzia juu. Katikati yake mna duara jeupe lenye korongo taji, ndege mwenye kishungi cha rangi ya dhahabu kichwani, ambaye ameuelekea mlingoti na kuinua mguu mmoja. Kwa maelezo rasmi, weusi ni watu wa Afrika, njano ni mwanga wa jua, na wekundu ni undugu wa Waafrika, ambao damu yao ni moja. Mguu ulioinuliwa nao ni ishara ya nchi inayosonga mbele.

Rangi hizo hazikuwa za kwanza kupendekezwa. Serikali ya chama cha Democratic Party, ambayo kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wakati nchi ilipopata madaraka ya ndani mwezi Machi 1962, ilikuwa na mchoro wa milia iliyosimama ya kijani na buluu, iliyotenganishwa na milia myembamba ya njano, pamoja na kivuli cha korongo katikati. Chama hicho kiliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo, serikali mpya ya Milton Obote iliuweka kando mchoro huo na kuchukua ule wa Grace Ibingira, Waziri wa Sheria. Hata hivyo korongo alibaki, kwa kuwa alikwisha kuwa nembo ya nchi na ya askari wake tangu enzi za Waingereza, na hakuwa alama ya ufalme wowote, jambo lililokuwa na uzito mkubwa katika nchi yenye falme za Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole, pamoja na jamii nyingi zisizokuwa na wafalme.

Sherehe za uhuru zilifanyika Kololo, kilima cha Kampala kinachopakana na Naguru, mahali ambapo undugu uliotangazwa na mlia mwekundu ulikuwa jambo la kila siku. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga Naguru na Nakawa nyumba za kupangisha wafanyakazi wa Kiafrika, na humo wakaishi ukuta kwa ukuta Waganda, Waacholi, Walango na wengine wa Uganda, pamoja na Wajaluo na Waluhya waliotoka Kenya kutafuta kazi. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyechunguza mitaa hiyo katika miaka ileile ya uhuru na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1969, alionyesha jinsi wakazi walivyokuwa majirani na wakati huohuo watu wa mataifa mawili, huku vyama vya kusaidiana vya watu wa kabila moja vikiendelea kuwa na nguvu.

Ikumbukwe kwamba katika bendera ya Kenya, iliyoanza kutumika Desemba 1963, wekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, ilhali Uganda iliipa rangi hiyohiyo maana ya damu inayounganisha, maana ambayo haikomei mpakani. Ahadi hiyo ya undugu haikutunzwa. Mwaka 1966 Ibingira mwenyewe alikamatwa pamoja na mawaziri wenzake wanne wakiwa katika kikao cha baraza, akakaa kizuizini hadi 1971. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa nchini maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, watu wa aina ileile waliokuwa wamepanga Naguru, kwa hoja kwamba kazi zao ziwe za raia.

Nyumba hizo za Naguru na Nakawa zilibomolewa mwaka 2011, na leo kilima cha Naguru kinajulikana zaidi kwa makao makuu ya polisi. Serikali zimepinduliwa, katiba zimeandikwa upya na falme zimefutwa kisha nyingi zikarudishwa, lakini bendera ya 1962 haikubadilishwa. Kudumu kwake ni ushahidi kwamba waliochagua alama zisizokuwa za kabila wala za ufalme walichagua vyema. Lililopungua ni utekelezaji, na kila serikali inayoipandisha bendera hiyo inapaswa kupimwa kwa mlia wake mwekundu, yaani kwa jinsi inavyomtendea jirani, awe raia au mgeni.