Kondoa na Chemba katika Dirisha la Lahajedwali
Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Kondoa watu zaidi ya 428,000. Ile ya 2012 iliihesabia 269,704. Mtafiti mwenye kuona safumlalo hiyo peke yake angeweza kudhani kwamba njaa iliwatawanya watu, dhana iliyo karibu mno kwa yeyote aliyesoma habari za Mtunya ya 1917–1920 huko Ugogo. Jibu limo mwishoni mwa jedwali la mkoa, nje ya kioo: Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ilikuwa na watu 235,711. Zikijumlishwa, eneo la zamani lilikuwa na watu 505,415, idadi iliongezeka.

Leja ya karatasi ilitandazwa mezani, jicho likaona ukurasa mzima. VisiCalc ya mwaka 1979 ilikuwa na safumlalo 254, lakini kioo kilionesha sehemu ndogo tu kwa mara moja. Excel huruhusu mwonekano upunguzwe hadi asilimia 10, kipimo ambacho kwacho tarakimu hazisomeki tena. Kwa jedwali la Dodoma, lililogawanywa kwa umri na jinsi, linalofaa zaidi ni kuligawa dirisha mara mbili: Kondoa juu, Chemba chini.